Sura ya Saba: Wikiendi ya Waliobaki

Ijumaa ikifika saa tisa alasiri, Dodoma huanza kupungua watu. Magari ya ofisi hutoka Mtumba yakiutazama mkoa wa Morogoro, mabasi hujaa, na tangu Julai 25, 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria wa Dar es Salaam na Dodoma, kuondoka kumekuwa rahisi zaidi. Safari iliyokuwa ikimaliza siku sasa ni ya saa tatu na nusu hadi nne. Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma Julai 2016, na ikahamia kweli, lakini familia nyingi za watumishi hazikufungasha. Mke yuko Tabata, watoto wanasoma Kinondoni, baba ana chumba Kisasa chenye godoro, jiko la gesi na televisheni. Kwa mtu wa namna hiyo, wikiendi ni safari.

Sura hii ni ya wale wasiosafiri, nao si wachache. Sensa ya 2012 ilikuta wakazi 410,956 katika wilaya ya mji wa Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Wamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wasio na nauli, walinzi wa zamu, mama lishe wa Soko la Majengo, mafundi ujenzi wa Nzuguni na Iyumbu ambao kazi zao haziijui Jumamosi, na Wagogo wenyewe, ambao mji umewakuta kwao. Jua likizama na upepo wa uwanda ukianza kuuma, wote hawa huwasha televisheni au huenda ilipo televisheni. Wanachokitazama, kwa sehemu kubwa, kimepikwa Dar es Salaam: vichekesho vya jukwaani, usiku wa tuzo, filamu. Makao makuu ya nchi, ikifika wikiendi, yanageuka kuwa hadhira.

Hadhira hiyo ina tabia moja ambayo watengenezaji wa vipindi hawajaizingatia: haitazami kimya. Hujibu, hubisha, huhukumu na kutafsiri. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini watu wa uwanda wa kati wanafurahia televisheni kiasi hicho, asiangalie kioo. Aangalie viti vilivyopangwa mbele yake.

Kutoka antena hadi kifurushi

Televisheni ilichelewa kufika Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati upande huu serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa isiyostahili nchi ya wakulima. Ilibidi kungoja miaka ya 1990 na ruhusa ya vituo binafsi. ITV ya Reginald Mengi ilianza 1994, na televisheni ya taifa ikaja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wazima wa Dodoma wanakumbuka enzi ya antena iliyofungwa juu ya mti mrefu: mtoto mmoja nje anaizungusha, mwingine dirishani anapaza sauti, "Hapo hapo! Usiguse!" Picha ikija, chumba kinajaa majirani kutazama michezo ya Kaole.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia mwaka huo, na Dodoma ikafuata mwishoni mwa Januari. Siku hiyo televisheni iliacha kuwa kitu unachonunua mara moja, ikawa kitu unacholipia kila mwezi kama maji. King'amuzi kilihitaji kifurushi, na kifurushi kilihitaji salio kwenye simu. Nyumba nyingi zikawa na televisheni inayofanya kazi wiki mbili na kulala wiki mbili.

Wengi walitabiri kwamba mfumo huo utamfungia kila mtu ndani kwake na rimoti yake. Kwa uwanda wa kati mambo yalikwenda kinyume. Kifurushi kikiisha tarehe kumi na tano, mtu hakai gizani. Anakwenda kwa jirani aliyelipia, au baa ya mtaani, au kibanda umiza, ambako kwa mia tano au elfu moja unapata nafasi kwenye benchi. Gharama ya kutazama peke yako ndiyo iliyowarudisha watu kutazama pamoja. Na penye watu pamoja, hapakosi maneno.

Ijumaa: mtani aliye mbali

Ijumaa usiku ni zamu ya wachekeshaji. Uchekeshaji wa televisheni nchini una ukoo wake. Kabla ya kamera palikuwa na vikundi vya jukwaani, TOT ya Kapteni John Komba na Muungano, ambavyo onyesho lao moja lilikuwa na ngoma, taarabu, muziki wa dansi, sarakasi na kichekesho, vyote kwa kiingilio kimoja. Wakaja akina Mzee Small na King Majuto kwenye kanda za video. Halafu miaka ya 2000 likaja kundi la Ze Comedy katika EATV, likiwa na Joti, Masanja, Mpoki na wenzao, ambalo lilipohamia televisheni ya taifa likabadili jina na kuwa Ze Orijino Komedi. Leo zamu imeshikwa na vijana wa kusimama na kipaza sauti peke yao, wengi wao waliokulia kwenye majukwaa kama Cheka Tu ya Coy Mzungu, ambao maonyesho yao hukatwa vipande vipande na kuzunguka kwenye simu wiki nzima.

Sasa kaa kwenye baa ya Chang'ombe saa tatu usiku, ukumbi umejaa, na mchekeshaji kutoka Dar anaanza kisa cha Mgogo. Kila anayefuatilia vichekesho vyetu anamjua Mgogo wa jukwaani: anakokota maneno, ana fimbo, anashangaa ghorofa, na mwisho wa kisa ataomba kitu. Ukumbi wa Dar unaoonekana kwenye kioo unaangua kicheko. Baa ya Chang'ombe inagawanyika. Mtumishi kutoka Moshi anacheka huku anatazama pembeni kuona nani hacheki. Vijana wa Kigogo wanacheka kwa sauti kuliko wote. Mzee mmoja mwenye shuka begani anaweka bilauri chini na kuuliza, bila hasira, huyo kijana ni mtani wa nani.

Ni swali la kisheria, kwa sheria za utani. Wagogo wana watani wao wa asili, Wahehe na Wanyamwezi wakiwamo, na utani huo una taratibu zake. Mtani anaweza kuja msibani kwako, akalala kaburini na kusema maiti alikuwa mlafi, na wewe utamlipa ili atoke. Lakini siku yake ikifika, utakwenda kwake na kumlipizia kwa riba. Utani unakubalika kwa sababu una zamu. Mchekeshaji wa kwenye kioo amechukua nusu ya utani, ile ya kusema, akaiacha nusu ya kujibiwa.

Ndiyo maana baa haiwezi kukaa kimya. Mzee yule akishauliza swali lake, vijana huanza kujibu badala ya Wagogo wote: mmoja anamuigiza mtu wa Dar aliyefika Dodoma Julai bila sweta, mwingine anamuigiza aliyeletewa mlenda akauliza kijiko. Kwenye kioo kisa kimekwisha na mchekeshaji anainama kushukuru, lakini huku chini onyesho ndiyo kwanza linaanza, na kwa maoni yangu ndilo bora zaidi. Waandaaji wa vipindi wangejifunza mengi kwa kuweka kamera upande huu.

Jumamosi: "Na mshindi ni…"

Jumamosi ya Dodoma ina mpangilio wake. Mchana ni wa mnada wa Msalato, ng'ombe na mbuzi asubuhi, nyama choma jioni. Usiku, kama ni msimu wake, ni wa tuzo.

Usiku wa tuzo ni kipindi cha ajabu ukikifikiria. Saa nzima watu wanatazama wengine wakishuka kwenye magari na kupita juu ya zulia jekundu. Ratiba inasema saa mbili, mshereheshaji anapanda saa nne. Kisha bahasha, machozi, hotuba ya kumshukuru Mungu na mama. Hata hivyo hakuna kipindi kinachowakesha watu kama hicho, kwa sababu moja: kila mtu ana mgombea wake na kila mtu anaamini ameibiwa.

Kwa muda mrefu usiku mkubwa ulikuwa wa Tuzo za Muziki Tanzania zilizojulikana kwa jina la Kili, zilizoanza 1999. Mei 2014 Diamond Platnumz aliondoka na tuzo saba kwa usiku mmoja, na ubishi wa nani alistahili nini uliendelea kwenye daladala za Jamatini kwa wiki kadhaa. Baada ya 2015 tuzo hizo zikakatika. Nchi yenye muziki unaosikika Afrika nzima ikakaa miaka saba bila usiku wake wa tuzo za taifa, mpaka Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilipozirejesha Aprili 2, 2022, siku ya Jumamosi.

Katikati ya ukame huo watazamaji walijifunza kukeshea tuzo za wenzao. Oktoba 25, 2015 Watanzania walikuwa kwenye uchaguzi mkuu, mchana wamepiga kura na usiku wanasubiri matokeo. Usiku huo huo, huko Milan, Diamond alikuwa anashinda tuzo ya MTV ya Ulaya kwa upande wa Afrika na India. Palikuwa na nyumba zilizogombania rimoti: baba anataka majimbo, watoto wanataka Italia. Machi 5, 2016, Jumamosi nyingine, Single Mtambalike, yaani Richie, na Elizabeth Michael, yaani Lulu, walishinda mjini Lagos kwenye tuzo za Africa Magic, Richie kwa filamu ya Kiswahili na Lulu kwa filamu bora ya Afrika Mashariki. Filamu zetu, ambazo wasomi walikuwa wakizicheka, zilishinda mbele ya Wanaijeria nyumbani kwao.

Kinachowafanya watu wa mbali na ukumbi wajione wamo ni kura. Kura ya simu imegeuza tuzo kuwa mahali pekee ambapo mkazi wa Bahi au Manyoni anaamini ana sauti sawa na ya mkazi wa Masaki. Ndiyo maana matokeo yasipokwenda anavyotaka, analalamika kama mwenye hisa. Nimesikia mabishano ya tuzo katika mitaa ya Nkuhungu yaliyotumia lugha yote ya siasa: wizi wa kura, kubebwa, majaji kununuliwa, rufaa. Kwa mji unaoishi kwa ajili ya Bunge, si ajabu.

Kuna jambo moja ambalo wenyeji hulitazama kwa jicho la pembeni. Tuzo za Kili zilikuwa na kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili ya Tanzania. Vionjo ni vionjo tu: zeze sekunde kumi mwanzoni, kisha ngoma ya kompyuta. Kwa mtu aliyezaliwa Chamwino, anayejua zeze, ilimba na kwaya ya sauti nyingi za Wagogo zinavyoshika usiku mzima, kuona muziki huo umepewa kipengele kimoja na sekunde kumi ni sawa na kualikwa harusini ukapewa kiti nyuma ya nguzo.

Jumapili: muvi ya kutafsiriwa

Jumapili baada ya ibada na ugali, ni filamu. Sheria yetu ya zamani ilizitazama filamu na jukwaa kwa jicho moja. Jina lake lenyewe ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ya mwaka 1976. Watunzi wa sheria hiyo pengine walikuwa wakifikiria ukaguzi tu, lakini bila kukusudia walieleza vizuri namna Watanzania wanavyotazama filamu: kama mchezo unaochezwa mbele yao sasa hivi.

Majumba mengi ya kisasa ya sinema yako Dar es Salaam. Filamu kama "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, au "Binti" ya Seko Shamte iliyofika Netflix, zinajulikana Dodoma zaidi kwa sifa kuliko kwa macho. Filamu halisi ya Jumapili hupatikana kwa njia tatu: chaneli za filamu za Kiswahili kwenye king'amuzi, simu, na kijana mwenye kompyuta.

Huyu wa tatu anastahili kutazamwa kwa karibu. Kibanda chake ni cha mabati, upana wa mlango mmoja, ukutani mabango ya filamu yaliyopauka. Kompyuta imefunguliwa kifuniko ili ipoe, feni ndogo inaipuliza. Mteja anatoa flashi, kijana anaichomeka na kuuliza, "Za kutafsiriwa au kavu?" Mafaili yamepangwa kwa mataifa: Kikorea, Kituruki, Kihindi, Kinaijeria, Bongo. Bei ni kwa muvi moja, na sizoni nzima ina bei ya jumla. Ukimwambia hujui unataka nini, atakuuliza nyumbani mnatazama na nani, kisha atachagua mwenyewe, na mara nyingi hakosei. Flashi hizo husafiri hadi vijiji vya Kongwa na Mpwapwa, kwenye televisheni ndogo za sola ambazo hazijawahi kuona kifurushi.

Wateja wengi huchagua za kutafsiriwa. Katika filamu hizo msimuliaji amepandisha sauti yake juu ya sauti za waigizaji: anaeleza, anaigiza, anatania, anampa jambazi wa Hong Kong jina la mtaani. Kazi hii ilijengewa heshima na Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliyeanza kwa kusimulia moja kwa moja kwenye vibanda vya video kisha akarekodi kanda, na jirani zetu wa Uganda wana mabingwa wao wa fani hiyo hiyo. Wapenzi wa sinema wanaotaka kila kitu kibaki kama alivyokitengeneza mwongozaji hukunja uso. Mtazamaji wa Dodoma haoni tatizo. Kwake msimuliaji anafanya hadharani kile ambacho baa ya Chang'ombe ilifanya Ijumaa: anakijibu kioo, kwa Kiswahili, kwa niaba ya wote.

Ila furaha hii ina deni. Yule yule aliyepiga kura Jumamosi ili msanii wake apate tuzo, Jumapili ananunua filamu ya msanii huyo kwenye flashi, na msanii hapati hata senti. Sekta ya sanaa na burudani imekuwa ikitajwa kwenye hotuba za bajeti, pale pale bungeni Dodoma, miongoni mwa zinazokua kwa kasi kubwa zaidi nchini, asilimia 17.7 kwa mwaka 2023. Ukuaji huo kijana wa kibanda hauoni kwenye kitabu chake, na mwigizaji hauoni kwenye akaunti yake. Hasara ya filamu haiko kwa watazamaji waliokataa kulipa. Wanalipa, tena kila wiki. Hakuna aliyewajengea njia ya kumfikishia mwenye kazi mia tano yao.

Jukwaa la nyumbani

Mtu anaweza kusema Dodoma haina jukwaa ndiyo maana inatazama la wenzake. Si kweli. Dodoma ina jukwaa lililopata kutazamwa kuliko yote nchini, nalo ni Bunge. Palikuwa na miaka ambapo vikao vilirushwa moja kwa moja na watu wakaacha kazi kutazama wabunge wakitupiana maneno, mpaka Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena mijadala yote mubashara, kwa sababu ya gharama. Lawama zilizofuata zilionyesha jinsi watu walivyokizoea kipindi kile.

Lakini kabla ya Bunge palikuwa na ngoma. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alichukuliwa na Mwalimu Nyerere miaka ya 1960 kwenda kupigia taifa muziki, akafundisha Bagamoyo, na kabla ya kufariki Desemba 2003 alikuwa amerekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza na kuzunguka majukwaa ya dunia. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huo huo, walitoa albamu yao kwa jina la Zawose Queens na kupanda jukwaani Glastonbury, wanawake wakiongoza muziki ambao kwa desturi ya ukoo uliongozwa na wanaume. Ni habari ambayo ingestahili Jumamosi nzima ya televisheni yetu, lakini wengi walioifahamu waliipata kwa vipande vya video kutoka Ulaya.

Na pale Chamwino, upande wa mashariki wa mji, tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likikusanya vikundi vya vijijini tangu 2009 chini ya kituo cha sanaa kilichoongozwa na Dkt. Kedmon Mapana, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, baraza lile lile linalosimamia tuzo za muziki. Kwa hiyo njia kati ya ngoma ya Chamwino na bahasha ya mshindi si ndefu kama inavyodhaniwa. Inapita kwenye meza ya mtu mmoja.

Hoja yangu ni nyepesi. Juni kila mwaka, wakati wa bajeti, Dodoma inakuwa na mawaziri wote, wabunge wote, waandishi wa habari na kamera zao. Ukumbi mkubwa wa mikutano wa Jakaya Kikwete upo. Msanii anayeishi Dar anafika kwa treni ndani ya saa nne. Usiku mmoja wa tuzo ukifanyika hapa, ukafunguliwa na wanawake wa muheme wakiwa na ngoma zao katikati ya mapaja, dakika ishirini na si sekunde kumi, nchi ingejionea muziki huo ukiwa mzima. Na mchekeshaji atakayepewa nafasi usiku huo aje na kisa chake cha Mgogo, ili kwa mara ya kwanza akisimulie mbele ya watu wenye haki ya kumjibu.

Mpaka hilo litokee, asiyetaka kungoja aende Chamwino siku ya tamasha. Avae kofia, kwa kuwa jua la pale halina huruma, na avae viatu vinavyoweza kuingia vumbi, kwa sababu wachezaji hawakuachi ukae pembeni kama mgeni. Utavutwa mkono uingie, utacheza vibaya, na utachekwa na watu walio karibu nawe, ambao unaweza kuwacheka pia.